Jiko Lako Lina Pleti Ngapi?

Asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika 25, na naona waliowahi kunisikia wameshaanza kucheka maana wanajua naanzia wapi. Naanzia jikoni. Tena sitoki huko upesi.

Mtu ana sherehe nyumbani, ananipigia simu nimsaidie kupanga vyakula. Kabla sijamaliza salamu ananisomea orodha: kuku wa kuoka, samaki wa kukaanga, nyama ya mchuzi, wali, viazi, saladi aina mbili, keki. Namwacha amalize. Halafu namuuliza: jiko lako lina pleti ngapi? Kimya. "Sasa pleti zinahusianaje na menyu?" Jamani! Vyakula vinane, vitano vinataka moto saa ile ile ya mwisho, na jiko lina pleti mbili. Hapo hujapanga menyu, umepanga foleni.

Sisemi haya kwa sababu nina akili kuliko nyinyi. Nayasema kwa sababu yalinipata. Mwanangu wa kwanza alipotimiza mwaka nilialika watu 40. Jiko lilikuwa la pleti nne, moja mbovu, na oveni ya rafu mbili. Vyakula saba. Nilikuwa nimeviandika kwa mwandiko wa kujidai na kuibandika karatasi kwenye mlango wa friji, na kila aliyepita aliisifu ile karatasi. Wageni tuliwaambia saa 1 jioni.

Saa 12 na nusu hali ilikuwa hivi. Oveni ina trei mbili za kuku, na viazi vinasubiri oveni hiyo hiyo. Nimekadiria muda kana kwamba ni trei moja. Oveni iliyojazwa haiivishi kwa muda uleule, na mimi kila baada ya dakika tano nafungua mlango kuchungulia, joto linatoka, naongeza kuchelewa kwa mkono wangu mwenyewe. Juu kuna mchuzi, kuna mafuta ya samaki, na kuna sufuria ya wali, kubwa, ya kuazima, ambayo imemeza nusu ya pleti ya jirani. Kwa hiyo zile pleti tatu nazo zikawa mbili na kitu.

Na huo wali sasa! Siku zote napika kilo moja, na maji yangu nayajua. Siku hiyo nikapika kilo nne, nikazidisha kila kitu mara nne. Hesabu safi kabisa, ya shuleni. Matokeo: chini ukoko, katikati bokoboko, juu kiini. Nilichokuwa sijui ni kwamba maji yanayopotea kwa mvuke hufuata upana wa sufuria na muda wa kuchemka. Hayafuati wingi wa mchele. Ukizidisha mchele mara nne, maji yanazidi pungufu ya mara nne. Na sufuria iliyojaa ikichelewa kuchemka, wa chini unaungua huku wa juu bado unangoja zamu. Siku hizi wali wa watu wengi naupika kwenye sufuria mbili, basi.

Hodi ya kwanza ikapigwa saa 1 kasoro dakika tano. Kuna watu hufika mapema. Mungu awabariki, lakini wangezunguka nyumba kwanza. (Kicheko.) Meza ya jikoni imejaa, bakuli la saladi nimeliweka juu ya mashine ya kufulia. Mama mkwe akaingia. Akatazama ile karatasi kwenye friji, akanitazama mimi, hakusema neno. Akavua saa yake ya mkononi, akaiweka dirishani, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuosha vyombo. Ile saa pale dirishani, mshale ukitembea, naiona mpaka leo.

Chakula kilitoka saa 3 na robo. Mwenye sherehe alishalala zamani. Na picha za siku ile, nyingi tu, mimi nimo kwenye moja. Si uso. Kiwiko. Kiwiko changu kinaonekana kwenye mlango wa jikoni kimeshika mwiko. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mgeni alikuja, mwenyeji akalala siku mbili.

Najua mnachofikiria. "Nikipunguza vyakula watasema mchoyo." Huwa naambiwa kila mara, na kila mara nauliza: wewe ulipoalikwa mara ya mwisho, ulikula aina ngapi? Huwezi kukumbuka. Unachokumbuka ni kama ulishiba, kama kilikuwa cha moto, na kama mwenyeji alikaa na nyinyi. Halafu sahani ni moja. Mtu akipakua vyakula vinane kijiko kijiko, mchuzi unaingia kwenye saladi, samaki anakula keki. Uchoyo ni chakula kuisha kabla ya watu, na kinaisha kirahisi zaidi menyu ikiwa ndefu, kwa sababu huwezi kujua watakimbilia kipi. Mchele weka gramu 75 hadi 100 kwa kila mtu kabla haujapikwa. Nyama isiyo na mfupa ikiiva hupoteza kama robo ya uzito wake, kwa hiyo usipime kwa macho buchani ukidhani hicho ndicho kitakachofika mezani.

Sasa, kupanga. Chukua karatasi, usiandike vyakula. Andika saa. Kipi kinapikwa jana na kupashwa leo? Mchuzi wa nyama, ambao ukilala unakolea. Kipi hakitaki moto kabisa? Kipi kinaingia ovenini kisimamiwe na saa badala yako? Na kipi lazima kipikwe saa ya mwisho? Hicho kiwe kimoja. Kimoja! Samaki wa kukaanga kwa watu 40 futeni. Cha kukaanga hakisubiri mtu, kinalegea, na lazima mmoja wenu asimame mbele ya mafuta sherehe nzima. Mara nyingi mnajua atakuwa nani.

Nimesema mchuzi wa jana, na hapa lazima nikae kidogo. Watu huuacha mezani usiku kucha "upoe" ndani ya sufuria ile ile kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisizidi saa 2 kwenye joto la kawaida la chumba. Friji iwe chini ya nyuzi 5, cha moto kikae juu ya nyuzi 60. Sufuria iliyojaa, katikati yake inabaki vuguvugu saa nyingi. Igawe kwenye trei pana zisizo na kina, ipoe upesi, iingie friji. Wali ndio mbaya zaidi. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukikaa vuguvugu zinaamka, na sumu moja anayoitoa haiondoki hata ukiupasha mpaka uungue. Kwa hiyo siku ya sherehe toa nusu mezani, nusu ibaki jikoni kwenye moto, ije baadaye kwa sahani safi. Usimimine juu ya ule wa zamani.

"Mbona tumekula hivyo miaka yote?" Na wapo waliovuka barabara wamefumba macho wakafika.

Naona mwenyekiti ananionyesha dakika tatu. Nilijua. Haraka basi: kuku wa kugandishwa huyeyushwa ndani ya friji, na anataka kama siku nzima kwa kila kilo mbili, kwa hiyo wa Jumamosi anatolewa Alhamisi. Asiyekula karanga, maziwa, mayai au kaa, muulize siku unapomwalika, usingoje avimbe midomo sebuleni kwako. Na kila bakuli liwe na kijiko chake. Watoto wale kwanza. Keki nunua.

Vinywaji vilikuwa na ukurasa mzima hapa. Nausogeza. Barafu tu: kilo moja kwa kila watu wawili, na hiyo friji yako haiwezi kuitengeneza kwa siku moja, kwa hiyo inunuliwe na iingie kwenye ndoo nje ya jikoni, watu wasije kunisukuma nikiwa na sufuria.

Haya, yule mama pale nyuma, mkono uko juu tangu kwenye wali. Sema, mama.