Kipindi cha 47: Mto wa mama mkwe

SALMA: Haya, tuko hewani. Leo nimekuja na karatasi. Mambo matano ya kujua kabla hujatengeneza boksi lako la kwanza la spika. Matano, Bakari. Naomba leo tuyamalize.

BAKARI: Tutayamaliza.

SALMA: Wiki iliyopita pia ulisema hivyo.

BAKARI: Wiki iliyopita aliyetupoteza ni wewe na habari zako za gundi. Leo mimi sina neno. Nimekaa kimya kabisa.

SALMA: Umekaa kimya kwa sababu ya Jumamosi.

BAKARI: Jumamosi tuiache, dada.

SALMA: Haiachiki! Wasikilizaji wetu wamekusikia ukiyataja hayo maboksi tangu kipindi cha 30 na ushei. Wana haki yao. Jumamosi tumeitwa watu saba kwake, wote wagonjwa wa spika kama sisi, tukayasikilize kwa mara ya kwanza na ile amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za kizamani za kukuza sauti. Endelea wewe, yaliyokupata ni yako.

BAKARI: Haya. Maboksi ya lita 28 kila moja, plaiwudi ya milimita 18, ndani nimeyafunga mihimili yasitetemeke. Bomba la besi kipenyo sentimita 7, urefu 18, ili boksi livume kwenye hezi 42, yaani mitetemo 42 kwa sekunde. Mpaka Ijumaa saa nne usiku kila kitu tayari, nimebakiza kufunga wufa tu, ile spika ya besi. Ndiyo nikakumbuka sijaweka pamba ndani.

SALMA: Mwambie msikilizaji mpya pamba ya nini.

BAKARI: Koni ya spika inasukuma mbele na nyuma. Sauti ya nyuma inaingia boksini, inagonga ukuta, inarudi. Na koni yenyewe nyembamba kama karatasi, kwa hiyo sauti ile inapenya na kutoka tena, imechelewa kidogo. Unasikia mwimbaji kama anaimbia ndani ya ndoo. Pamba inaifyonza. Ile ya poliesta, ile ile inayojazwa kwenye mito.

SALMA: Ehee. Kwenye mito.

BAKARI: Saa nne usiku, Salma. Nitaipata wapi pamba saa nne usiku? Nikaingia chumba cha wageni, nikaona mto.

SALMA: Mto wa maji?

BAKARI: Mto wa kulalia! Una foronya ya maua ya bluu. Nikaupasua pembeni kwa adabu kabisa, nikatoa pamba, nusu boksi la kulia, nusu boksi la kushoto. La kushoto nilipaka gundi ukutani nikaibandika vizuri. La kulia nikawa nimechoka, nikaishindilia tu.

SALMA: Na wifi yangu hukumwambia.

BAKARI: Alikuwa amelala. Kumbe naye hakunikumbusha kwamba mama yake anafika Jumamosi asubuhi.

SALMA: [anacheka] Alikukumbusha. Mimi mwenyewe aliniambia alikukumbusha mara mbili.

BAKARI: Basi sikusikia.

SALMA: Mtu wa kusikia tofauti ya waya na waya, hakusikia mama mkwe anakuja!

BAKARI: Unanisimanga sasa.

SALMA: Sikusimangi, nasimulia. Tumeketi. Taa zimezimwa, valvu zinawaka zile nyekundu za kahawia, na lazima niseme ukweli, zinapendeza. Valvu mbili za aina ya 300B, moja kila upande. Mama amekaa kwenye kiti chake kule pembeni, tumeshaamkiana, ametulia. Bakari anaweka muziki wenye besi la nyuzi.

BAKARI: Na ulipendeza. Kubali.

SALMA: Ulipendeza mpaka mpigaji akashuka kwenye uzi wake mzito kabisa. Sasa hapo ndipo penyewe. Uzi ule ukipigwa wazi unatoa hezi 41. Boksi lake linavuma kwenye 42. Kwenye mvumo huo koni ya wufa inakaribia kusimama, kazi yote inafanywa na hewa ya bombani, inaenda na kurudi kwa nguvu. Nikatazama bomba la kulia. Kuna kitu cheupe kinachungulia.

BAKARI: Kidogo tu.

SALMA: Kama sungura! Besi linapiga, sungura anatoka. Besi linanyamaza, sungura anarudi ndani. Yule bwana mwembamba aliyekaa karibu yangu alidhani ni sehemu ya ufundi, akaniuliza kwa sauti ya chini, hiyo ni ya kuchuja nini?

BAKARI: Mimi nilikuwa nimefumba macho, nasikiliza.

SALMA: Umefumba macho unatikisa kichwa. Mara uzi ule ukapigwa mara tatu mfululizo, puu, pamba ikatoka yote kama ngumi, ikaanguka kwenye zulia. Na uzi wa bluu unaning'inia. Kimya. Halafu mama kwa sauti ya upole kabisa...

BAKARI: "Bakari baba, hiyo si pamba ya mto wangu?"

SALMA: Mimi nilikwenda kucheka uani.

BAKARI: Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimemwambia asubuhi kwamba mto umepelekwa kufuliwa.

SALMA: Ulimdanganya juu yake?!

BAKARI: Haya, tuingie kwenye mambo matano.

SALMA: Ngoja kwanza, maana kuna somo humo. Boksi lenye bomba halijazwi. Unabandika pamba ukutani, sentimita 3 hadi 5, unaifunga kwa pini, na nyuma ya bomba unaacha wazi. Boksi lililozibwa lote, lile lisilo na bomba, ndilo unaloweza kujaza. Na huko pamba ina kazi ya pili. Hewa ikibanwa haraka inapata joto, inakuwa ngumu. Nyuzi za pamba zinalinyonya lile joto, hewa inalainika, wufa inajiona iko kwenye boksi kubwa kuliko lilivyo. Kwenye karatasi ukubwa unaweza kufika mara 1.4. Kwa mikono yetu hii, ukipata asilimia 15 shukuru.

BAKARI: Kwa hiyo ningeziba bomba, mto ungekuwa sahihi.

SALMA: Mto wa mama hauwezi kuwa sahihi kwa namna yoyote.

BAKARI: Lakini pamba ilipotoka ile, mlio haukuharibika. Watu walibaki. Saa tatu nzima! Nilipowasha ile amplifaya ya tranzista ya kulinganisha, baada ya dakika 20 wakaanza kutafuta viatu.

SALMA: Kwa sababu ilikuwa usiku.

BAKARI: Kwa sababu valvu zina kitu.

SALMA: Zina kitu, na nilikipima. Nilikuja na maikrofoni yangu ya kupimia, uliniona. Bakari, amplifaya yako ina ukinzani wake yenyewe, pale umeme unapotoka kwenda kwenye spika, wa karibu omu 2.5. Na ukinzani wa spika yako si omu 8 moja kwa moja kama ilivyoandikwa nyuma. Kuna mahali inashuka mpaka 6, na kwenye besi ina vilima viwili vinavyopanda mpaka 30. Omu 2.5 zikikutana na hivyo vilima, sauti inanyanyuka pale kwenye kilima zaidi ya desibeli 2 kuliko kwenye bonde. Tranzista haikuonyesha hata sehemu ya kumi ya desibeli. Hicho ndicho "kitu" chako. Ni kitufe cha besi, ila hakizimiki.

BAKARI: Na mimi nakipenda.

SALMA: Kipende, lakini usikiite uhalisia. Na ungeweza kukihesabu kabla hujakata mbao! Hesabu za maboksi za mhandisi Thiele za 1961, mwenzake Small akaziendeleza miaka ya 1970, zina nafasi ya kuingiza ukinzani wa amplifaya. Programu yako ya kuhesabu boksi ilikuuliza. Ukaacha sifuri.

BAKARI: Niliacha sifuri kwa sababu sikujua nitatumia amplifaya gani.

SALMA: Una amplifaya moja!

BAKARI: Sikiliza sasa, maana unapenda kuongea mpaka mwenzio anasahau. Desibeli 2. Chumba changu, nikisogeza kiti nusu mita, besi inapanda au kushuka desibeli 10. Wewe unanijia juu kwa desibeli 2 na chumba kizima kinacheza hivyo?

SALMA: Ndiyo maana usiongeze nyingine juu yake.

BAKARI: Na ule upotofu wa sauti wa amplifaya yenye valvu moja kila upande, sehemu kubwa ni mlio wa mara mbili. Mara mbili ya noti ni noti ile ile, oktavu juu. Sikio halikereki, linaona sauti imenenepa. Sauti ya binadamu inakuwa na mwili. Ile 300B Western Electric waliitoa 1938 kwa ajili ya kukuza sauti za simu. Kazi yake ni sauti ya mtu!

SALMA: Ni kama barua. Ukinisomea barua niliyoletewa, nisomee kilichoandikwa. Usiniongezee maneno yako hata kama ni matamu.

BAKARI: Na msomaji mwenye sauti nzuri?

SALMA: Sauti nzuri sawa. Maneno ya kuongeza hapana.

BAKARI: Kila spika inaongeza maneno, dada. Hakuna spika iliyonyooka. Nachagua maneno gani.

SALMA: Basi tufanye jaribio. Tunatia pazia. Tunapima volti kwenye nyaya za spika kwa multimita, zilingane mpaka desibeli 0.1, maana kinachopiga juu kidogo watu hukiita kizuri. Wewe unakaa upande wa pili, mtu mwingine anabadilisha, mara 16. Ukitambua valvu mara 13, mimi nanyamaza mwaka mzima.

BAKARI: Sifanyi.

SALMA: Kwa nini?

BAKARI: Kwa sababu nikifanya mtihani sisikilizi muziki, nasikiliza mtihani. Nakaa pale nimekaza misuli ya shingo. Sikio langu linafanya kazi yake siku ya tatu, nikiwa nimelala kochini. Wewe unapima sekunde mbili mahali pamoja na kuondoka.

SALMA: Huo ni ukimbizi.

BAKARI: Huo ni usikilizaji. Na mama alisema valvu.

SALMA: Mama alisema anataka mto wake!

BAKARI: Alisema vyote viwili. Alisema, ile yenye taa inaimba vizuri, na mto wangu uko wapi.

SALMA: Hapo umenikata. Lakini sijakubali.

BAKARI: Sijaomba ukubali.

SALMA: Nitaleta pazia.

BAKARI: Leta. Nitalitundika dirishani.

SALMA: [kimya] Haya. Kuna moja siwezi kuiacha, maana ile nilipiga kelele kweli. Pamba ilipotoka ulikurupuka, ukazima swichi, ukaanza kupitisha mkono nyuma ya amplifaya kushika waya.

BAKARI: Ilikuwa imezimwa.

SALMA: Kifuniko cha chini umekitoa tangu mwezi uliopita, unasema "itapumua". Mle kuna volti 400, na kapasita zinabaki na umeme baada ya kuzima. Hazijui kwamba umezima. Unasubiri, unazitoa umeme kwa rezista, unapima kwa multimita, na mkono wa pili uko mfukoni ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Valvu zinaua, Bakari.

BAKARI: Hilo nakubali bila pazia.

SALMA: Hilo lilikuwa jambo la tano kwenye karatasi.

BAKARI: Basi tumefanya la tano. Na la pamba?

SALMA: La tatu.

BAKARI: Unaona? Mawili.

SALMA: Yamebaki matatu na tuna dakika moja. Krosova yenyewe, ile ya kugawa besi na sauti nyembamba, inataka nusu saa. Wiki ijayo.

BAKARI: Wiki ijayo ndiyo. Mimi niwahi, mama anasafiri kesho asubuhi.

SALMA: Umemrudishia mto?

BAKARI: Nimemrudishia.

SALMA: Wote?

BAKARI: Nusu ya boksi la kulia.

SALMA: Na ya kushoto?

BAKARI: Ya kushoto nilipaka gundi, Salma. Gundi ile uliyoisifia wewe wiki iliyopita.