Kuiga Chaneli ya Infraredi Chumbani: Mwale wa Moja kwa Moja na Mwakisiko wa Kwanza

Karibuni, watazamaji. Leo tunaiga kwa kompyuta namna mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, unavyosafirisha data chumbani, kwa njia waliyoichapisha watafiti Barry, Kahn na wenzao mwaka 1993. Naipenda sana njia hii kwa sababu inahitaji hasa jiometria ya chumba na kiasi cha mwanga ambacho nyuso zake huakisi.

Chumba chetu ni cha mita 5 kwa 5, kimo mita 3. Kitoa mwanga kipo katikati ya dari kikitazama chini, na kipokezi cha sentimita 1 ya mraba kipo sakafuni kikitazama juu, mita 0.5 kutoka ukuta mmoja na mita 1 kutoka ukuta wa jirani. Ziingizeni namba hizo, tuendelee.

Mwale wa moja kwa moja husafiri mita 3.9, hufika baada ya nanosekunde 13, na kipokezi hupata sehemu 1.23 tu kwa kila milioni ya nguvu iliyotolewa. Jibu lenu likitofautiana, kagueni eneo la kipokezi, ambalo ni mita za mraba 0.0001.

Sasa zigaweni kuta nne katika vipande vya sentimita 10, jumla vipande 6,000. Kila kipande kwanza hupokea mwanga, kisha huurudisha asilimia 80 kana kwamba chenyewe ni taa. Dari haihusiki bado, kwa kuwa kitoa mwanga hakiioni.

Hapa nawaomba mtulie. Mwanga unaofika kutoka kila kipande hutiwa katika kikapu cha muda, yaani kipindi kifupi ambacho mwanga wote uliofika ndani yake hujumlishwa, na kikapu hicho kisiwe chembamba kuliko muda ambao mwanga huvuka kipande kimoja, yaani nanosekunde 0.33. Tazameni mchoro huu wa vikapu vya nanosekunde 0.01: ile miiba yote haitoki chumbani, imeletwa na ugawaji wetu. Nikiweka 0.35, inatoweka. Narudia: pimeni kipande kwanza, ndipo mchague kikapu.

Mwale wa moja kwa moja mimi huuchora peke yake, kwani ukikaa pamoja na miakisiko huifunika.

Kwa mwakisiko wa pili, dari na sakafu huingia, mwanga huruka kutoka kipande kimoja hadi kingine, na jozi za vipande hupita milioni 100. Anzeni na vipande vya sentimita 25, ambavyo hupunguza jozi hadi milioni 3 hivi, na vikapu vipanueni hadi nanosekunde 0.85 kabla ya kuiendesha programu.