Fundi Tingatinga na ndugu zake wa Msasani

DADA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunamkumbuka marehemu Edward Said Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha picha za tingatinga.

KAKA: Na niseme mapema, dada yangu, leo nataka tumzungumzie kama mtu. Ukitaja tingatinga, huyu anawaza picha, yule anawaza lile gari la kuchonga barabara. Ila huyu alikuwa baba wa watu.

DADA: Kweli kabisa. Kazaliwa Tunduru, mwaka 1932. Akaenda Tanga kwenye mkonge, kama vijana wengi wa kusini enzi zile, kisha Dar es Salaam kutafuta riziki. Kuchora kaanza mwaka 1968 hivi, umri umeshakwenda.

KAKA: Shule ya uchoraji hajaiona, turubai hana. Kachukua ubao mwembamba wa silingi, kaukata mraba, kapaka rangi ya baiskeli. Basi! Mwaka jana nilishinda Oysterbay na wachoraji wanaofuata njia yake. Dada, kazi ile inataka subira. Rangi ya nyuma inatangulia, unaiacha ikauke kabisa. Ndipo aje chui, naye akauke. Ndipo madoa, moja moja, kwa ncha ya brashi. Ukifanya haraka, njano inaingia kwenye nyeusi, ubao umeharibika.

DADA: Na aliyekuwa akiziuza picha pale Morogoro Stores, maduka ya Oysterbay, ni mkewe, Agatha. Hapo ndipo ninapompendea, maana kazi ilikuwa ya nyumba nzima.

KAKA: Nyumba yenyewe ikajaa! Ndugu na jamaa wa kusini wakamfuata Msasani: Simon Mpata, Kasper Henrik Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah. Wote akawafundisha.

DADA: Hebu tusimame hapo kidogo, kaka. Wateja ni wale wale, wageni wa Oysterbay. Kila unayemfundisha kesho anakuja kukaa kando yako na mzigo wake. Mimi nimekulia kwa mafundi, nawajua wanaomtuma kijana dukani wakati wa kuchanganya rangi ili asione. Huyu riziki yake mwenyewe ndiyo aliyoigawa.

KAKA: Tena ndiyo kwanza ameanza kuipata.

DADA: Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi, wamemdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora. Kaacha mjane na watoto wadogo. Kila nikilisoma hili, kaka, naumia kama nimefiwa jana.

KAKA: Mungu amrehemu. Lakini wale aliowafundisha hawakuweka brashi chini. Nao wakafundisha wao, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao hapo hapo Oysterbay. Mwanawe Daudi naye ni mchoraji.

DADA: Kwa hiyo siku ile Oysterbay uliona nini hasa?

KAKA: Mzee mmoja anamalizia tembo. Kijana pembeni yake kaishiwa nyeupe, kopo limekauka, anakwangua kwa kijiti. Mzee hakuinua hata kichwa. Kalisogeza kopo lake kwa mguu mpaka likagusa goti la kijana, kaendelea na tembo wake.

DADA: Alikuwa mwanawe?

KAKA: Niliuliza. Akasema, "Amekuja wiki iliyopita."