Yule kijana hakuwa amelewa

Ndugu wanyapara, shikamooni wakubwa. Wengi wenu mlinisikia msimu uliopita, na nitalirudia tena: mkata miwa akianza kuyumba, msikimbilie kusema amekunywa, huenda ni joto.

Kijana mmoja aliteremka kutoka Makete, kwenye baridi, akaja huku Kilombero kutafuta riziki. Siku ya tatu, saa saba mchana, shamba limechomwa usiku ili miwa ikatwe, masizi yamemjaa hadi puani, akaanza kwenda mrama. Anaulizwa mnyapara wake nani, anajibu habari za ng'ombe wa baba yake. Wenzake wakasema kapiga gongo huyo, mwacheni alale. Wakamlaza palepale juani, kofia usoni. Nilipofika nikamgusa shingo, ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Alifia njiani.

Mtu akianza kuweweseka, joto limeshafika kwenye ubongo. Mwili una nyuzi 37. Ukivuka 40 viungo vinaanza kuharibika. Msikae kusubiri gari! Mtoeni juani, mvueni shati, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na gari liitwe huku mnaendelea. Kama hajitambui msimnyweshe, atapaliwa.

Mtaniambia, "Mbona sisi tumekata miaka 20?" Ni kweli, miili yenu imezoea. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Mgeni apewe sehemu moja ya tano ya kazi siku ya kwanza, kesho aongezewe kidogo, hivyo hivyo. Ninyi mnampa ngwe nzima siku aliyoshuka kwenye basi! Naye analipwa kwa alichokata, kwao wanasubiri hela, atapumzika saa ngapi? Jamani, hilo linaniuma.

Figo nilitaka kuzieleza kirefu, maana joto na kiu huziumiza nazo, na wakata miwa wa Nikaragua na El Salvador wameumia sana figo, vijana wabichi kabisa, lakini naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi: mkojo ukiwa kama chai ya rangi, maji yamepungua mwilini. Na hizo diklofenaki mnazomeza asubuhi kwa ajili ya mgongo, ukiwa na kiu zinaziumiza figo.

Maji ni kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, kabla ya kiu. Ndoo ikae pale pale wanapokatia, isogezwe wakisogea. Anayelipwa kwa tani hataliacha panga atembee hadi kwenye trekta kufuata maji. Kesho asubuhi nitapita kila kundi, na kitu cha kwanza nitakachouliza ni ndoo.