Panki Bila Kunyoa Panki: The Saints wa Brisbane

Hamjambo ndugu zangu. Asanteni kwa kufika, na ninyi wapiga gitaa mliokaa kule nyuma, kama kuna nafasi sogeeni mbele, maana jioni hii tutasikiliza kwa makini.

Kabla hatujaweka santuri, niwaulize. Nikitamka neno "panki", nini kinawajia kichwani? Ndiyo, nywele. Kijana kanyolewa pembeni, kaachiwa mstari katikati, na mwalimu wa zamu anamsubiri getini na mkasi. Kwetu neno hili lilifika likiwa mtindo wa kinyozi. Muziki wenyewe, roki ya kasi na kelele, ulibaki njiani, na wengi wetu haukutufikia kabisa. Basi leo nawaletea habari za bendi iliyopiga panki kabla dunia haijakubaliana panki ni kitu gani, kisha ikaambiwa ivae na kujitengeneza nywele ili iuzike, nayo ikakataa. Inaitwa The Saints, ya Brisbane, Australia.

Mwimbaji wake, Chris Bailey, alizaliwa Nanyuki. Naona mnaangaliana. Ndiyo, Nanyuki ile ile, chini ya Mlima Kenya, penye kibao cha ikweta wasafiri wanaposimama kupiga picha. Wazazi wake walikuwa Waairishi, na Kenya ilikuwa bado mikononi mwa Waingereza. Sisemi tumdai awe wetu. Alipelekwa Belfast angali mdogo, na alipokuwa na miaka kama saba familia ikahamia Australia, ikatua Inala, kitongoji cha nyumba za serikali pembezoni mwa Brisbane. Mpiga gitaa, Ed Kuepper, alizaliwa Bremen, Ujerumani, naye akaletwa Brisbane utotoni. Walikutana wangali wanafunzi, wakampata mpiga dramu Ivor Hay, na kufikia 1974 walikuwa wanajiita The Saints. Nawataja walikotoka kwa sababu muziki wao una sauti ya watu waliofikishwa mahali bila kuulizwa kama wanapataka.

Na mahali penyewe tupaelewe, maana bila Brisbane ile hakuna The Saints. Jimbo la Queensland, ambalo Brisbane ndiyo makao makuu yake, lilitawaliwa tangu 1968 hadi 1987 na mtu mmoja, Joh Bjelke-Petersen. Mipaka ya majimbo ya uchaguzi ilichorwa hivi kwamba kura ya shambani ilikuwa na uzito kuliko kura ya mjini. Polisi walikuwa na kitengo cha kupeleleza wananchi kwa siasa zao. Mwaka 1971, timu ya raga ya Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, Springboks, ilipokuja kucheza, Bjelke-Petersen alitangaza hali ya hatari ya mwezi mzima, na polisi wakawavamia usiku watu waliosimama kupinga ziara ile. Yaani vijana wa Brisbane walipigwa kwa ajili ya jambo lililotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Septemba 1977 maandamano ya barabarani yakapigwa marufuku. Miaka ya mwisho ya 1980 uchunguzi ulifichua rushwa iliyokuwa imeota mizizi ndani ya polisi, na kamishna wao, Terence Lewis, akaishia jela.

Katika mji kama huo, kijana mwenye nywele ndefu na amplifaya kubwa alikuwa mtuhumiwa kabla hajapiga noti. The Saints hawakupata ukumbi, na walipopiga, polisi walikuja kuvunja onyesho. Wakafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko mengine yote katika historia yao: waligeuza nyumba waliyokuwa wakiishi, barabara ya Petrie Terrace, kuwa ukumbi. Wakauita Club 76. Sebule ndiyo jukwaa. Watu wanaingia, wanasimama bega kwa bega na dramu, na muziki unaanza.

Juni 1976 waliingia Window Studios, studio ndogo ya hapo hapo Brisbane, wakarekodi nyimbo mbili. Upande wa kwanza ni "I'm Stranded", maana yake nimekwama. Hakuna kampuni iliyowataka, kwa hiyo waliunda lebo yao, Fatal Records, wakachapisha santuri 500, na Septemba wakaitoa. Wazee mliopita River Road, Nairobi, enzi za santuri ndogo za mizunguko 45 mnajua uzito wa jambo hilo: mwanamuziki anabeba kazi yake mwenyewe, hana wakala, hana meneja wa mauzo. Nakala nyingine walizituma kwa posta kwenye magazeti na vituo vya redio, hadi ng'ambo.

Mjini kwao zilipokewa kwa ukimya. London, jarida la Sounds liliandika kwamba hii ndiyo santuri ya wiki hii na ya kila wiki. Ofisi kuu ya EMI, kampuni kubwa ya santuri, huko London ikaiagiza ofisi ya Sydney iwatafute vijana hawa na kuwasainisha. Hebu fikirini, amri imepigwa kutoka upande wa pili wa dunia ili watu wa Sydney wagundue bendi iliyo nchini mwao. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa siku mbili, Desemba 1976, ikatoka Februari 1977.

Sasa tarehe. Nimeona kijana hapa anatikisa kichwa, na najua anachofikiri: hawa si waliwaiga Waingereza? Santuri ya The Saints ilitoka Septemba 1976. Ya The Damned, inayohesabiwa kuwa panki ya kwanza ya Uingereza kwenye santuri, ilitoka Oktoba. Sex Pistols walifuata Novemba. Kuna Ramones wa New York, kweli, albamu yao ilitoka Aprili mwaka huo. Lakini Kuepper amesimulia kwamba alipoisikia alinyong'onyea. Aliona ni santuri nzuri, na papo hapo akajua kwamba wao, ambao walikuwa wakipiga hivyo kwa miaka, wataitwa wafuasi. Mimi maumivu hayo nayaelewa. Unalima shamba lako peke yako, halafu siku ya kupeleka mazao sokoni unakuta jirani usiyemjua kafika kabla yako na mazao yale yale.

Na ile kasi waliitoa wapi? Jibu la Kuepper ni la kibinadamu sana: woga. Walipokuwa mbele ya watu walipatwa na wasiwasi, na kila walivyozidi kuwa na wasiwasi ndivyo walivyozidi kukimbia. Wapiga gitaa, nisikilizeni hapa. Katika dansi letu magitaa hugawana kazi, solo linaimba, ridhim linashikilia, besi linatembea chini, na kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi. Kuepper yuko peke yake na anaijaza nafasi yote. Mkono wa kulia haupumziki, nyuzi zote zinalia pamoja hadi unasikia kitu kama nyuki wengi ndani ya debe. Juu yake Bailey haimbi kwa hasira kama wale wa London. Anaimba kwa uvivu fulani, anaburuta maneno, kama mtu aliyekwisha kata tamaa ya kusikilizwa ila hatanyamaza. Ule mvutano wa gitaa linalokimbia na sauti inayochelewa ndio The Saints. Anayeinua kasi peke yake hajawaelewa.

Katikati ya 1977 walifika London. Walipiga Roundhouse pamoja na Ramones na Talking Heads. Wimbo wao "This Perfect Day" ulifika nafasi ya 34 kwenye chati za Uingereza, wakaonekana hata kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops. Na hapo ndipo kampuni ilipowaletea mavazi. Ilipangwa wavae suti za kijani na nywele zisimamishwe kama miiba, maana panki sasa ilikuwa na sare yake. Walikataa. Walipanda jukwaani na nywele zao ndefu, mashati yao ya kawaida, kama walivyokuwa Petrie Terrace. Magazeti ya muziki, yaliyowasifu miezi michache nyuma, yakaanza kuwaona watu wa kizamani. Kwangu mimi huu ndio msimamo wa panki kuliko pini zote zilizopachikwa kwenye jaketi mwaka ule.

Kisha wakazidisha. Albamu ya pili, "Eternally Yours", ya 1978, inafunguliwa na "Know Your Product", na kinachokupokea ni matarumbeta! Brasi nzito ya muziki wa soul, juu ya lile gitaa la nyuki, na maneno yanayoshambulia matangazo ya biashara. Sisi tuliolelewa na bendi zenye safu ya tarumbeta na saksafoni wimbo huu unatukamata mara moja. London haukuuzika. Albamu ya tatu, "Prehistoric Sounds", ikatoka mwaka huo huo, na hapo kasi imepungua, brasi imejaa, kuna jazz, kuna blues, kuna huzuni ya watu waliochoka. Wapenzi wengi wa panki huishia albamu ya kwanza. Wanakosea. Hii ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote, na ndiyo iliyowagharimu: EMI ikaachana nao, na bendi ikavunjika.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Kuepper alirudi Australia akaunda Laughing Clowns, akaendelea na zile brasi. Bailey alibaki na jina la The Saints kwa miongo kadhaa, akibadilisha wapigaji, na wimbo wake wa 1986, "Just Like Fire Would", Mmarekani Bruce Springsteen aliutoa upya mwaka 2014. Mwaka 2001 tuzo za muziki za ARIA ziliwaingiza kwenye orodha ya magwiji wa Australia, na mwaka 2007 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ikaiweka "I'm Stranded" miongoni mwa sauti za kutunzwa. Julai mwaka huo watatu wale walipiga tena pamoja Brisbane. Bailey alifariki Aprili 2022. Miaka miwili baadaye Kuepper na Hay walirudi jukwaani na nyimbo za miaka ile ya mwanzo, Mark Arm wa Mudhoney, bendi ya Marekani, akiimba.

Nimebakiza wimbo mmoja. Upo kwenye ile albamu ya tatu, unaitwa "Brisbane", na kwenye jina lake wameongeza kwamba ni mji wa usalama. Waliurekodi wakiwa mbali na nyumbani, kuuimbia mji uliowafukuza kumbi zake. Fundi, weka sindano. Msikimbilie maneno kwanza. Sikilizeni dramu za Ivor Hay, halafu mngojeni Bailey aingie.