Jinsi ya kujua kama mlingoti wako utapita chini ya daraja

Habari zenu watazamaji. Kabla sijasema lolote, tazama picha hii niliyoipiga nikiwa nimeshika usukani. Daraja liko mbele kama mita mia moja, na ncha ya mlingoti inaonekana imelizidi kwa mbali. Yeyote aliyesimama hapo angeapa kwamba tunagonga. Tulipita, na juu ilibaki nafasi ya mita 2.

Kosa si la macho yako, ni la mahali ulipokaa. Kwenye mashua hii mlingoti uko mita 5 mbele yangu, na ncha yake iko mita 16 juu ya macho yangu. Boriti ya daraja iko mita 18 juu ya macho yangu. Lakini mimi natazama kwa mshazari, kutoka chini, kwa hiyo boriti haitaonekana kuizidi ncha mpaka ibakize mita 5.6 kunifikia. Hapo mlingoti wenyewe umebakiza kama sentimita 60 uingie chini ya daraja. Jicho linakupa jibu wakati chombo hakiwezi tena kusimama. Ndiyo maana kazi hii tunaimaliza kwa namba, mapema.

Hatua ya kwanza, pima mlingoti. Achana na namba iliyo kwenye karatasi za kiwandani. Karatasi haijui kama uliongeza taa, antena au kile kidude cha kuonyesha upepo. Subiri maji yatulie. Funga mwanzo wa tepu ya kupimia kwenye henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, pandisha mpaka ikome juu, halafu soma pale tepu inapogusa maji. Funga na kamba nyembamba ya kushushia, maana tepu ikikatika henza inabaki juu, na wewe unabaki chini unaitazama. Kisha ongeza urefu wa kila kitu kilichochomoza juu ya hapo. Pima matangi yakiwa karibu na kuisha, kwa sababu chombo chepesi huelea juu zaidi. Namba hiyo iandike kwa mita na kwa futi, uibandike karibu na usukani.

Hatua ya pili, soma chati, yaani ramani ya majini, lakini ujue inahesabu kutoka wapi. Marekani, kwenye maji yanayopwa na kujaa, kimo cha daraja huhesabiwa kutoka wastani wa maji makuu. Kwa hiyo maji yakipwa unapata nafasi zaidi, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, unaweza kupata pungufu ya kilichoandikwa. Ile njia ya maji ya ndani ya pwani ya mashariki ya Marekani inajulikana kwa madaraja ya futi 65, karibu mita 19.8. Lakini usiseme "yote ni 65" ukalala. Daraja la Julia Tuttle pale Miami ni futi 56, na wenye milingoti mirefu hulizunguka kwa kupitia baharini. Kule North Carolina, Daraja la Wilkerson limeandikwa 64. Na eneo hilo maji hayamsikilizi sana mwezi, yanausikiliza upepo: ukivuma siku mbili upande mmoja, maji yanarundikana. Kwenye mito ni mvua, tena pengine iliyonyesha mbali sana na ulipo.

Kwa hiyo hatua ya tatu ndiyo ninayoiamini kuliko zote: ubao wa vipimo kwenye nguzo ya daraja. Vuta darubini. Unaona namba zinavyopungua kwenda juu? Maji yakipanda, namba inashuka. Ile inayoguswa na maji sasa hivi ndiyo nafasi iliyopo sasa hivi. Kukiwa na mawimbi, tazama kwa muda, na uchukue namba ndogo kuliko zote ulizoziona. Toa urefu wa mlingoti. Mimi ikibaki chini ya nusu mita siendi, nasubiri.

Hatua ya nne, kukaribia. Shusha matanga, washa injini. Kama unaweza kuchagua, pita ukiwa unakabili mkondo. Ukiwa na wasiwasi unapunguza moto na maji yenyewe yanakurudisha nyuma. Mkondo ukiwa nyuma yako, uamuzi ufanyike mbali, ukiwa bado na nafasi ya kugeuka. Boti ya kasi ikipita, iache ipite kwanza na mawimbi yake yaishe, maana yanakuinua. Pita katikati; usiku, kwenye madaraja yasiyofunguka ya Marekani, katikati ya njia huonyeshwa kwa taa ya kijani.

Siku moja nilipita na mahesabu ya kubana mno. Antena ilikuwa inagonga boriti moja baada ya nyingine, ti, ti, ti, na kwenye sitaha hakuna aliyepumua. Niliisahau antena kwenye hesabu.

Nafasi isipotosha, wapo wanaolaza chombo ubavu kwa kuning'iniza uzito upande mmoja. Mlingoti wa mita 18 ukilala nyuzi 10 unapungua sentimita 27 tu; ukifika nyuzi 20 unapungua kama mita 1. Kwa anayeanza, sikushauri. Na usijaribu kubana hivi chini ya waya za umeme: umeme huruka hewani kabla mlingoti haujagusa kitu.

Ukishapita, andika saa na namba uliyoisoma kwenye ubao. Utarudi njia hiyohiyo.