Picha za RAW zinagoma kufunguka? Pitia hapa kabla hujafomati kadi

Haya wadau, leo hatuzunguki. Umepiga picha kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera yenye data ya sensa kabla haijatengenezwa kuwa JPEG, umezihamishia kwenye kompyuta, unafungua Lightroom au Photoshop au darktable au chochote unachotumia kuediti, inakuletea ujumbe kwamba faili haitambuliki au imeharibika, au inafunguka lakini nusu ya chini ni kijivu tupu, au picha nzima imegeuka pinki. Kabla hujagusa kitu kingine chochote, hiyo kadi ya memori usiifomati na usiendelee kupigia picha, itoe kwenye kamera uiweke pembeni, na kama ni SD ina kale kaswichi kadogo ubavuni, kasogeze kwenye upande wa kufunga ili kompyuta isiweze kuandika kitu juu yake.

Sasa jiulize swali moja, zinagoma zote au baadhi? Usilipite haraka manake ndilo linaloamua uende njia gani. Kama picha zote za kamera hiyo zimegoma kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, mara nyingi faili zako ni nzima kabisa, programu ndio haizijui. Kama mia zimefunguka vizuri na tatu zimegoma, programu haina kosa, hizo tatu zimepata ajali njiani. Watu wanachanganya haya mawili kila siku, unakuta mtu ameshalipia programu ya kutengeneza faili zilizoharibika wakati alichohitaji ni apdeti tu ya bure.

Najua kuna mtu hapo anasema mbona nikiiangalia kwenye kamera inaonekana safi? Ndio, itaonekana, na hiyo haithibitishi kitu. Ndani ya faili ya RAW kamera inaweka pia picha ya JPEG iliyokwishatengenezwa, na unachokiona kwenye skrini ya kamera, na ile picha ndogo kwenye folda ya kompyuta, kwa kawaida ni hiyo JPEG. Data yenyewe iliyotoka kwenye sensa imekaa sehemu nyingine ya faili hiyo hiyo, kwa hiyo inawezekana JPEG ikawa nzima na data ikawa imekatika katikati. Ndio sababu pia Lightroom ikifungua picha unaiona imependeza kwa sekunde moja halafu inapauka, wengine wanadhani programu imeharibu, hapana, imeondoa JPEG ya kamera ikaweka tafsiri yake yenyewe ya data. Rangi kupauka hivyo sio ugonjwa, badilisha tu profaili ya rangi uchague ile inayofanana na ya kamera yako.

Tuanze na zile zinazogoma zote. Angalia herufi za mwisho wa jina la faili, Canon utakuta CR2 au CR3, Nikon NEF, Sony ARW, Fujifilm RAF, Olympus ORF, Panasonic RW2. Kama kompyuta inazificha, ingia kwenye mipangilio ya folda uziwashe. Na tafadhali usibadilishe jina kutoka NEF kwenda JPG ukategemea itafunguka, umebadilisha jina tu, ndani ni kile kile.

Halafu herufi kufanana kusikudanganye. NEF ya kamera ya zamani na NEF ya Nikon Z8 zina jina moja lakini ndani ni vitu tofauti, kila kamera mpya ikitoka watengenezaji wa programu lazima waifundishe programu yao kuisoma. Canon ilipotoa EOS M50 mwaka 2018 ndio ikaja na CR3, na programu zilizokuwepo hazikuwa zinaijua mpaka zilipopata apdeti. Lightroom 6, ile ya kununua mara moja ukamaliza, apdeti yake ya mwisho ni 6.14 ya Desemba 2017, kwa hiyo CR3 haiijui na haitakuja kuijua hata uiombe vipi. Darktable nayo ilianza kuisoma CR3 kwenye toleo la 3.8, Desemba 2021. Kwa hiyo unaona, kitu cha kwanza ni kuangalia toleo la programu yako na mwaka wa kamera yako, kama kamera ni mpya kuliko programu, jibu unalo tayari. Apdeti. Kwa watu wa Photoshop kumbuka anayefungua RAW sio Photoshop mwenyewe, ni Camera Raw, kiambatisho chake cha kusomea RAW, unaweza kuwa na Photoshop inayofanya kazi vizuri kabisa na Camera Raw yake ni ya zamani.

Kuna na huu mtego mwingine, kamera iko kwenye orodha ya programu lakini picha bado zinagoma. Hapo angalia umepiga kwa mgandamizo gani, yaani kamera imebana faili kwa njia gani. Nikon Z9 na Z8 zina RAW ya aina inayoitwa High Efficiency, ina faili ndogo, nzuri kwa nafasi, lakini programu kadhaa za bure haziisomi. Ingia kwenye menyu ya kamera, rudisha kwenye mgandamizo usiopoteza kitu, piga moja ya majaribio, ikifunguka basi umeshajua.

Na kama apdeti haiwezekani, labda kompyuta ni ya zamani au hutaki kulipia kila mwezi, chukua Adobe DNG Converter, inageuza RAW ya kamera yako kuwa DNG, aina ya RAW ya Adobe, ni ya bure, pakua toleo jipya manake yenyewe ndio inatakiwa iijue kamera yako. Twende taratibu hapa. Ukiifungua ina sehemu nne. Ya kwanza inakuuliza picha ziko wapi, na hapa ndipo watu wanapotea, inataka folda, haitaki picha moja moja, ukiingia ndani ya folda utaona tupu kabisa kama vile picha zimefutika. Hazijafutika! Dirisha hilo linaonyesha folda tu. Rudi nyuma hatua moja, kliki folda mara moja, kubali. Sehemu ya pili unachagua pa kuhifadhi, weka folda mpya, usichanganye na zile za mwanzo. Ya tatu ni majina, ipite. Ya nne ndio yenye kazi, fungua mapendeleo yake, kuna mahali pa kuchagua DNG iendane na Camera Raw toleo gani, hapo chagua toleo lililo sawa na lako au la chini yake, ukiacha la juu utageuza picha zako zote na programu bado itazikataa. Kisha anza kugeuza. Zikimaliza fungua hizo DNG kwenye programu yako, na zile za mwanzo usizifute, DNG ni nakala ya kufanyia kazi.

Njia ya mkato ya kujua upande wa tatizo, jaribu faili moja kwenye programu ya mtengenezaji wa kamera mwenyewe, Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio, Sony wana Imaging Edge Desktop, zote za bure. Ikifunguka huko, faili ni nzima. Ikigoma mpaka huko, twende upande wa pili.

Upande wa pili, faili zimeumia. Panga folda kwa ukubwa. Faili za RAW zilizogandamizwa hazilingani, ukuta mweupe unatoa faili ndogo na mti wenye majani unatoa kubwa, hiyo kawaida, unachotafuta ni ile iliyoachwa mbali sana, wenzake wana MB 25 yeye ana 6, au ana sifuri. Hiyo imekatika wakati wa kunakiliwa au wakati kamera inaandika, mara nyingi mtu amechomoa kadi taa bado inawaka.

Dawa ya kwanza ni kunakili upya kutoka kwenye kadi, ndio maana nilisema usiifomati. Lakini badilisha njia, tumia kadi rida nyingine, tundu lingine la USB, waya mwingine, na nakili, usikate na kubandika, kwenda kwenye diski ya ndani ya kompyuta sio ya nje. Halafu fanya hivi, nakili faili ile ile mara mbili kwenye folda mbili tofauti uzilinganishe. Kama michirizi au kijivu kinaanza pale pale kila mara, kuna uwezekano mkubwa ubovu umeandikwa kwenye kadi. Kama kinahamahama, leo juu kesho katikati, mara nyingi kadi haina kosa, shida iko kwenye rida, waya, au hata RAM ya kompyuta, na hapo hata picha ulizodhani zimehama salama zikague upya.

Unataka kujua kama ndani ya faili kuna kitu chochote? Tengeneza nakala, ifungue hiyo nakala na Notepad, itasumbua kidogo kwa sababu ya ukubwa, utaona takataka za herufi, usiogope, angalia mwanzo tu. NEF, CR2 na ARW zinaanza na II au MM. RAF inaanza na neno FUJIFILMCCD-RAW. CR3 pale mwanzoni kuna ftypcrx. Ukiona hivyo, kichwa cha faili kipo. Ukiona patupu mwanzo mpaka mwisho, nafasi tu, faili ina jina na ukubwa lakini ndani ni sifuri, na hakuna programu ya kutengeneza itakayoleta picha ambayo haimo, usilipe mtu. Funga bila kusevu.

Kama kichwa kipo na data imekatika, bado unaweza kuokoa ile JPEG ya ndani. Tumia ExifTool ya Phil Harvey, ni ya bure, unaandika amri hii kwenye dirisha la amri la kompyuta:

exiftool -b -JpgFromRaw -w jpg picha.NEF

Kama haijatoa kitu, weka PreviewImage mahali pa JpgFromRaw. Kwenye kamera nyingi inatoka JPEG kubwa tu, huwezi kuiediti kama RAW lakini mteja atapata picha yake.

Na kama kwenye kadi yenyewe picha hazionekani kabisa, jaribu PhotoRec, nayo ya bure, inasoma kadi na kuchimbua zilizofutwa. Mwambie ahifadhi kwenye diski nyingine, kamwe sio kwenye kadi hiyo hiyo. Majina ya faili yatapotea, utapanga mwenyewe.

Limebaki hili dogo. Faili inafunguka kwingine kote ila kwenye programu moja skrini inakuwa nyeusi au ina viboksi vya ajabu, hapo acha faili, ingia kwenye mipangilio ya utendaji uzime matumizi ya GPU, yaani kichakataji cha michoro cha kompyuta, washa programu upya. Ikitulia, apdeti draiva ya GPU hiyo kisha uirudishe.

Ukipita kote bado inagoma na unataka kuomba msaada, toa modeli kamili ya kamera, herufi za mwisho za faili, ukubwa wake, toleo la programu, na ujumbe neno kwa neno jinsi ulivyoandikwa, na ambatisha faili yenyewe kwa linki. Usitume picha ya skrini iliyopigwa na simu ukaandika "haifunguki, nisaidieni".